Winga na Winga Wake

Juzi kwenye TV ya hosteli ubishi uliwaka kuhusu Simon Msuva. Jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza akasema, "Msuva alichezea bahati, angevumilia tu pale Wydad." Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza, ila lile neno "angevumilia" lilinikera mpaka usiku.

Tukumbushane. Msuva alitua Yanga 2012, na msimu wa 2014/15 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17. Winga huyo, siyo straika! Mwaka 2017 akaenda Difaâ El Jadida ya Morocco, akakomaa huko miaka mitatu, ndipo Wydad Casablanca wakamchukua na akabeba nao ubingwa wa nchi. Baadaye ukaja mgogoro wa malipo, akarudi nyumbani. Mei 2022 wenzake wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika yeye akiwa nje. Hapo ndipo watu wanaposema alichezea bahati. Lakini mwaka huohuo FIFA iliamua kesi upande wake, akaenda Al-Qadsiah ya Saudia, na Januari 2024 ndiye aliyeifungia Stars dhidi ya Zambia kwenye AFCON.

Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 14bis, zinasema hivi: klabu ikikunyima mishahara ya miezi miwili, unaiandikia, unaipa angalau siku 15 ilipe, isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Siyo utovu wa nidhamu. Ila yote hayo yanahitaji kitu kimoja: karatasi mkononi.

Na hapa namleta mdogo wangu. Tumezaliwa Ikungi, Singida, na huyu dogo ana mguu wa kushoto ambao siwezi kuuelezea bila kuonekana namsifia ndugu. Alikua Singida United ikiwa habari ya mjini, imepanda Ligi Kuu 2017, watu wanajaa Namfua. Ilipofika 2020 timu ikashuka, ndoto yake haikushuka. Mwaka juzi akaja mtu na kumpeleka klabu moja ya madaraja ya chini, siyo ya kwetu, jina naliacha. Kariakoo mtu wa aina hiyo anaitwa winga: anauza mali isiyo yake, anachukua cha juu, anapotea. Basi dogo naye, winga wa uwanjani, akapata winga wake.

Alisaini karatasi ya Kiingereza, kasimama, peni ya kuazima. Hakupewa nakala. Miezi mitano akalipwa nauli tu. Alipotaka kuondoka akaambiwa, "Una miaka mitatu hapa." Akanipigia: "Kaka, si unasoma sheria?" Nikamuuliza mkataba unasemaje. Kimya. Sasa hivi anavuna alizeti na mama.

Kwa hiyo ukiniambia mchezaji avumilie, nakuuliza, avumilie nini hasa? Bernard Morrison tulimcheka sana 2020, Yanga wakisema amesaini miaka miwili zaidi, yeye akikataa. Vituko vyake vilikuwepo, sikatai. Lakini kesi ilipita kamati ya TFF ikafika CAS, na 2021 Yanga wakashindwa. Hoja ilikuwa karatasi, siyo vituko.

TFF ina Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, mlango upo. Shida ni kwamba kijana wa Ikungi au Manyoni hajui kuuandikia, na sisi tunaojua tunabishana mbele ya TV. Kila mwaka tunafanya mashindano ya kesi za kuigiza, tunavaa suti, tunapiga picha. Napendekeza serikali ya wanafunzi ianzishe meza ya mikataba ya michezo: mtu anatuma picha ya mkataba kwa WhatsApp, wa mwaka wa tatu na wa nne wanausoma chini ya mhadhiri, wanamrudishia kwa Kiswahili nini kimeandikwa. Bure. Hata bando ni letu.

Dogo kapigiwa tena wiki iliyopita, timu nyingine, winga mwingine. Anatakiwa Jumamosi. Nimemwambia asishike peni kabla hajanitumia picha za kurasa zote. Kaniambia, "Kaka, wakikasirika je?"