Ujira wa Siku Mbili na Amana ya Funguo



Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja mjane mwenye duka la mabuibui hapa Mombasa. Marehemu mumewe alimwachia daftari moja la hesabu. Leo wateja huagiza kwa simu na kulipa kwa M-Pesa, na majina, namba na madeni yao yamo ndani ya kompyuta. Kwa kuwa hana uwezo wa kumlipa mtaalamu wa kudumu, amemwajiri kijana anayemjia siku mbili kwa wiki kumwongozea mambo yote ya teknolojia: inunuliwe mashine gani, programu itengenezwe na nani, kumbukumbu zihifadhiwe wapi. Kisha akagundua kuwa siku nyingine kijana huyo huhudumia duka la mshindani wake, mtaa uleule. Akatuuliza, "Sheikh, hii si khiyana?"

Twamjibu yeye pamoja na kila familia yenye biashara ndogo au ya wastani. Kazi hii ni mpya kwa jina tu. Wanazuoni wa fiqhi wamewagawa waajiriwa mafungu mawili: aliyeuza wakati wake kwa mtu mmoja, na anayehudumia wengi, mfano wa fundi cherehani. Fundi hakosei kwa kuwashonea mahasimu wawili. Hukosea akimkatia mmoja kitambaa cha mwenziwe.

Basi kijana ana haki ya kugawa siku zake. Lakini siku mbili alizoziuza si zake tena. Akizitumia kwa shughuli za duka lile, amekula ujira usio halali yake. Nazo bei za mama, watu anaonunua kwao na orodha ya wateja wake ni siri. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya yazilinda taarifa za watu binafsi, na mwenye duka havuki jukumu hilo kwa kusema kazi alimwachia kijana.

Tulipomuuliza maneno ya siri ya akaunti zake yako wapi, mama alinyamaza. Yalikuwa katika simu ya kijana peke yake. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu, kwani kijana akifa, akisafiri au wakigombana, duka limefungwa na mali ya mayatima imo ndani.

Tukamshauri mambo matatu. Kwanza, akaunti zote ziwe kwa jina lake, na kijana apewe idhini inayoweza kuondolewa. Pili, waandike mkataba wa siku, ujira, siri na namna ya kuagana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni. Tatu, kijana ataje wateja wake wengine, wala asipokee bakshishi kwa wauzaji wa mitambo anayoipendekeza.

Mama aliona haya, akihofia kuonekana mwenye dhana mbaya. Tukamkumbusha kisa cha Nabii Musa, alayhis salaam, katika Suratul Qasas. Aliyemshauri mzee wa Madyan amwajiri Musa alikuwa binti yake, naye alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ujuzi wa kijana mama alikwisha kuuona. Uaminifu nao una haki ya kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.