Mambo ya Nyumbani: Swali la Mkoba

Mwezi huu nataka kusema nanyi habari ya swali moja fupi ambalo laleta uchungu kati ya wanawake wetu, hata mlangoni pa kanisa. Swali lenyewe ni hili: "Mkoba wako huo, ni wa kweli au wa bandia?"

Mke wa mwalimu mmoja ameniletea shauri lake. Dada yake, aliye mwuguzi Uingereza, alimpelekea mkoba wenye alama ya mafundi wa Paris. Jumapili ilipokwisha ibada, mama mwenziwe aliushika mkoba ule, akaugeuza, akatazama mshono wake, kisha akamwuliza swali hilo mbele ya watu. Wengine wakacheka. Tangu siku ile huuacha mkoba nyumbani, na Jumapili mbili hakuja kanisani kabisa. Aniuliza, "Yanipasa kujibu nini?" Twaona basi ya kuwa jambo hili si dogo, maana neno la mzaha limemtenga mtu na ushirika wa ndugu zake.

Kwanza tujue asili ya swali. Louis Vuitton alifungua duka lake la masanduku ya safari mjini Paris mwaka 1854. Kazi yake ilisifiwa, na waigaji wakaja upesi. Mwaka 1888 nyumba yake ikatoa turubai la mirabaraba lenye jina lake ndani, na mwaka 1896 mwanawe Georges akatia herufi L na V pamoja na maua, ili kuwazuia waigaji. Lakini alama ile iliyowekwa iwe kinga ndiyo iliyopendwa mno na watu, na ndiyo waigaji waliyoishika kuiga. Bei nazo zimepanda ajabu. Mwezi wa Julai 2025, mjini Paris, mkoba wa kwanza ambao nyumba ya Hermès ilimtengenezea mwimbaji Jane Birkin uliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro 8,000,000. Penye bei kubwa hapakosi udanganyifu. Shirika la OECD pamoja na ofisi ya Umoja wa Ulaya walikadiria ya kuwa mwaka 2021 bidhaa bandia katika biashara ya mataifa zilifikia dola 467,000,000,000; na katika zile zilizokamatwa, zaidi ya nusu zilikuwa nguo, viatu na vitu vya ngozi.

Kwa hiyo si ajabu mtu kuwaza moyoni akiona alama kubwa. Lakini kuwaza ni jambo moja, na kumhoji mwenzio mbele ya watu ni jambo jingine. Pimeni swali lile vizuri. Akijibu, "Ni wa kweli," ataambiwa ana majivuno, tena watu wataanza kuhesabu mshahara wa mumewe. Akijibu, "Ni wa bandia," ataitwa mwongo, ingawa hakumwambia mtu neno lo lote. Swali la namna hii halitafuti habari. Ni mtego, na mtu hana deni la kuingia mtegoni.

Basi, mama, ukiulizwa hivi, fanya haya. Kwanza, jibu lililo kweli na fupi: "Ni zawadi ya dada yangu, nami namshukuru." Jibu hilo latosha. Pili, kama mwenzio ashikilia, mwulize kwa sauti ya upole, "Mbona wataka kujua, mama?" Kisha nyamaza, umwache atafute sababu yake mwenyewe. Mara nyingi hataipata. Tatu, akizidi, sema, "Hilo tuliache, dada yangu. Watoto hawajambo?" Usimwonyeshe hati ya duka wala mshono wa ndani, maana hukushtakiwa hata ulete ushahidi. Wala usimrudishie ukisema, "Na wako je?" Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Angalieni neno hili: kunyamaza si kusema uongo. Mkristo amekatazwa kudanganya, lakini hakuamriwa kufungua kila sanduku la nyumba yake kwa kila apitaye. Ila akiwapo mtu mwenye haki ya kujua, kama yule atakaye kuununua mkoba wako, huyo umwambie kweli yote ujuayo, bila kupunguza.

Nami siwezi kuliacha upande mmoja. Yuko mwingine anunuaye mkoba wa kuiga huku akijua, ili aonekane kuwa tajiri. Huyo ajihoji mwenyewe kabla ya kuhojiwa. Mali ya kuiga ni kazi ya fundi iliyochukuliwa bila ruhusa yake, nazo serikali zaikataza. Tanzania ina sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963, na Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia ya mwaka 2008. Huko Italia hata mnunuzi aweza kutozwa faini, nayo yaweza kufika euro 7,000. Lakini kuliko faini, natazama moyo. Mtu abebaye sifa isiyo yake huishi kwa hofu, kila jicho humwona kuwa ni askari. Mkoba wa ukili uliosukwa vema, au wa mtumba uliopigwa pasi na kushonwa kamba mpya, haumtii mtu hofu hiyo. Na kama ulipewa mkoba pasipo kujua asili yake, huna hatia. Pokea upendo wa aliyekupa.

Sasa nasema nanyi mnaouliza. Kabla ya kufungua kinywa, jiulize: nikijua, nitafanya nini na habari hiyo? Ukiwa wataka kununua kama ule, mngoje mwenzio hata awe peke yake, umwambie, "Mama, mkoba wako umenipendeza, waweza kunisaidia nijue unapatikana wapi?" Swali hilo lina heshima, naye atakujibu kwa furaha. Ukiona ya kuwa huna haja ila kumpunguza, limeze swali lako. Tena usishike mali ya mtu bila ruhusa, wala usiipindue kama nguo ya mnadani.

Walimu na wazazi, fundisheni jambo hili mapema. Mtoto asikiaye nyumbani bei za nguo za jirani, kesho atamwuliza mwenzake shuleni kama viatu vyake ni vya kweli, na mtoto maskini atalia nyuma ya darasa. Nanyi waume, mkewe mtu akirudi na machozi, msimwambie ni mambo ya wanawake. Mkalisheni, mmsikilize.

Na pale ambapo dada amekosekana kanisani kwa sababu ya neno kama hili, aliyelisema asingoje mwingine apeleke habari. Aende nyumbani kwake wiki hii, apige hodi, aombe radhi. Mkoba asiutaje tena.

Bwana azilinde nyumba zenu na ndimi zenu. Amina.