Mwana Aliyezuliwa ili Auawe: Hadhira ya The Revenant na Tamaa ya Kisasi

Filamu ya The Revenant, iliyoongozwa na Alejandro González Iñárritu na kuanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilipokewa kwa namna mbili ambazo kwa juu juu zinakinzana. Kundi moja la watazamaji lilitoka katika majumba ya sinema likisifu ustahimilivu: jinsi Hugh Glass alivyoraruliwa na dubu, akatelekezwa na wenzake, akatambaa thelujini, akala ini bichi, akalala ndani ya mzoga wa farasi, na hatimaye akamfikia adui yake. Kundi la pili lilitoka likiwa limechefuka. Katika gazeti la Observer la Uingereza, Januari 2016, Carole Cadwalladr aliishutumu filamu hiyo kuwa ni maonyesho ya maumivu yasiyokuwa na maana yoyote, na waliokubaliana naye hawakuwa wachache. Mjadala ukakomea hapo, kana kwamba swali la pekee linalozuliwa na kazi hiyo ni kiasi cha damu ambacho mtazamaji anaweza kukivumilia. Makala haya yanashikilia kwamba makundi yote mawili yalitazama pasipostahili. Yalibishana juu ya majeraha ya Glass, na katika ubishi huo yakampita mwanawe bila kumwona.

Glass alikuwa mtu wa kweli. Mwaka 1823 alijiunga na msafara wa wafanyabiashara ya manyoya uliopanda mto Missouri chini ya William Ashley. Tarehe 2 Juni mwaka huo Waarikara waliushambulia msafara na kuwaua watu zaidi ya kumi. Glass mwenyewe alijeruhiwa. Mwezi Agosti jeshi la Marekani lilikwenda kulipiza likisaidiwa na Walakota, na vijiji vya Waarikara vikateketezwa kwa moto. Muda mfupi baadaye, akiwa katika kikosi cha Andrew Henry karibu na mto Grand, katika eneo ambalo leo ni South Dakota, Glass alishambuliwa na dubu jike. Watu wawili waliahidiwa malipo ili wabaki naye hadi afe, wamzike: John Fitzgerald, na kijana ambaye mapokeo humtaja kuwa ni Jim Bridger. Walimwacha angali anapumua, wakaondoka na bunduki yake. Glass alitambaa, kisha akatembea, mwendo wa takriban kilomita 320 hadi Fort Kiowa. Baada ya kupata nafuu aliwafuata. Alipompata yule kijana alimsamehe kwa ajili ya umri wake. Alipomfikia Fitzgerald huko Fort Atkinson alimkuta amekwisha kuandikishwa jeshini, na askari wa serikali hauawi hivi hivi. Alichorudishiwa ni bunduki yake. James Hall alikichapisha kisa hicho katika jarida la The Port Folio la Philadelphia mwaka 1825, Glass mwenyewe angali hai.

Katika kisa hicho hamna mtoto aliyeuawa. Wala hayumo katika riwaya ya Michael Punke ya mwaka 2002, ambayo filamu yenyewe inakiri kuitegemea kwa sehemu. Hawk, kijana aliyezaliwa na mama Mpawnee na kuchomwa kisu na Fitzgerald mbele ya macho ya baba asiyeweza kuinuka, ni zao la waandishi wa filamu. Kuzua si kosa katika sanaa. Mtunzi asiyezua ni karani. Lakini kila kilichozuliwa kina kazi yake katika msuko, na mhakiki asiyeuliza kazi hiyo ni ipi ameacha kazi yake mwenyewe. Hawk anafanya nini katika filamu hii? Anazungumza kidogo, anaambiwa na babake anyamaze, anauawa. Uhai wake wote katika hadithi ni maandalizi ya kifo chake, na kifo chake ni kibali anachopewa mtazamaji ili atamani kifo cha mwingine pasi na kuona haya.

Kwa hakika kibali hicho kilihitajika. Mtu aliyeibiwa bunduki na kuachwa porini ana malalamiko makubwa, lakini hadhira ya karne hii ingesita kumwona akivuka nusu ya bara ili kuua kwa ajili ya bunduki. Hata wenzake wa mwaka 1823 walisita. Neno kisasi, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni sheria ya vipimo: jeraha kwa jeraha, uhai kwa uhai, na kando yake ipo dia, na upo msamaha. Kisasi chenye mizani kinamtaka mdai aonyeshe alichopoteza kabla ya kuonyeshwa atakachopewa. Glass wa kihistoria alipimiwa kwa mizani kama hiyo akapata mali yake. Filamu iliona kwamba kipimo hicho hakitoshi kuijaza saa mbili na nusu ya sinema, ikaongeza uzito upande mmoja wa mizani: ikaweka maiti ya mtoto.

Mtetezi wa filamu atasema kwamba mwishoni Glass haui. Hoja hii ilirudiwa sana na watazamaji waliotaka kuiona filamu kama funzo la msamaha. Ni kweli kwamba katika pambano la mwisho kando ya mto, Glass anayakumbuka maneno ya Hikuc, yule Mpawnee aliyemtibu, kwamba kisasi kimo mikononi mwa Muumba, na anauzuia mkono wake. Kisha anafanya nini? Anamsukuma Fitzgerald, akiwa majeruhi, ndani ya maji yanayomchukua moja kwa moja hadi miguuni pa Waarikara waliosimama ng'ambo. Wao wanammaliza, mbele ya kamera, kwa kisu. Kama huo ni msamaha, basi lugha imekwisha maana.

Msomaji wa Kiswahili analo la kulinganisha. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, Shailoki anaidai ratili yake ya nyama mahakamani na kuambiwa aikate, mradi asimwage tone la damu. Sharti hilo halitekelezeki, na ndiyo sababu linamnasa. The Revenant inampa shujaa wake kile ambacho mahakama ya Venisi ilisema hakiwezekani: nyama bila damu. Fitzgerald anakufa, Glass hana hatia. Mtazamaji aliyetamani kifo amekipata, na mtazamaji aliyetamani wema ameupata, na aghalabu hawa wawili ni mtu mmoja aliyeketi katika kiti kimoja. Tamthilia za kisasi za zamani hazikuwa na ukarimu wa namna hiyo. Hamlet analipiza na kufa katika onyesho lilo hilo, kwa kuwa watunzi wa enzi zile walijua kwamba damu haina pa kupita isipokuwa mikononi mwa anayeimwaga. Hapa mikono iliyoazimwa ni ya wenyeji wa asili, ambao kwa mara nyingine katika sinema ya Marekani wanafanya kazi chafu ili shujaa abaki safi.

Ni ajabu kwamba hadhira, iliyokuwa macho makali kwa mambo mengine, haikuliona hili. Macho yake yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye jasho. Kabla ya filamu kuonyeshwa, habari za utengenezaji wake zilikwisha kuenezwa kila mahali: baridi kali ya Kanada, mwigizaji mkuu, Leonardo DiCaprio, asiyekula nyama, akitafuna ini bichi la nyati, theluji kuyeyuka na watengenezaji kulazimika kuhamia Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, ili kumalizia onyesho la mwisho. Mtazamaji aliingia ukumbini akiwa amekwisha kuambiwa kwamba anachokwenda kukiona kilikuwa kigumu kufanywa, na akatoka akiusifu ugumu huo. DiCaprio alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar ya uigizaji mara nne bila kushinda. Alipoipata mwezi Februari 2016, mashabiki walishangilia kana kwamba deni limelipwa. Lugha ya deni na malipo, iliyokuwa ndani ya filamu, ilitoka nje ikatawala hata namna ilivyopokewa. Mwigizaji ameteseka, basi alipwe. Kwa vipimo hivyo mchimba migodi yeyote anaizidi sanaa yote ya ulimwengu.

Tena mateso hayo yaliyosifiwa kwa ajili ya uhalisia hayakuwa halisi mahali pengi. Glass alishambuliwa mwishoni mwa majira ya joto. Theluji ambayo watu walisafiri hadi ncha ya dunia kuifuata haikuwapo alipoanza kutambaa. Dubu aliyewafanya watazamaji wafumbe macho, na ambaye kabla ya filamu kuenea alizushiwa uvumi kwamba anambaka Glass hadi kampuni ya filamu ikalazimika kukanusha, alitengenezwa kwa kompyuta. Kinaya kiko hapa: watazamaji waliamini kwa mwili wao wote kile kilichotengenezwa, na kile kilichotukia kweli, yaani mtu kurudi mikono mitupu isipokuwa bunduki yake, hawakuonyeshwa kabisa.

Nadharia ya upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss, inafundisha kwamba kila hadhira huiendea kazi ya sanaa ikiwa na upeo wake wa matarajio, na kwamba thamani ya kazi huonekana pale upeo huo unapotikiswa. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, watazamaji walikuwa na neno moja lililobeba upeo huo wote: "staringi". Staringi hafi. Mtazamaji wa kibandani alilijua hilo tangu mwanzo, akalitamka kwa sauti, akamcheka jirani aliyeshika roho. Hakudanganyika kuwa anatazama jambo jingine. Hadhira ya The Revenant ilikuwa inatazama hadithi ile ile yenye kanuni zile zile, lakini urefu wa picha, uzuri wa mwanga wa Emmanuel Lubezki na ukimya wa misitu viliishawishi kwamba imepanda daraja. Lubezki alistahili tuzo yake. Hakuna anayeweza kuitazama ile misonobari ikiyumba akabisha. Lakini mwanga mzuri hauibadilishi kanuni. Unaifunika tu, na kibanda kilichofunikwa hariri ni kibanda vilevile.

Wapo waliojaribu kusoma kwa kina zaidi. DiCaprio mwenyewe, alipopokea tuzo ya Golden Globe Januari 2016, aliitunukia jamii za wenyeji wa asili, na hapana sababu ya kuitilia shaka nia yake. Filamu iliwapa nafasi waigizaji wenyeji kama Duane Howard, Forrest Goodluck na Melaw Nakehk'o, na ikawaacha wahusika waseme lugha zao. Hayo si madogo. Kutoka Quebec, mwigizaji Roy Dupuis alilalamika kwamba wawindaji wa Kifaransa wamechorwa kama mahayawani, naye alikuwa na hoja. Hata hivyo, pande zote mbili zilihesabu nyuso: nani ameonyeshwa vizuri, nani vibaya. Swali la nani anabebeshwa kazi gani katika msuko lilibaki bila kuulizwa. Mke wa Glass, Mpawnee, hana jina. Anakufa kabla hadithi haijaanza na kurejea kama ndoto. Mwanawe anakufa ili babake apate sababu. Hikuc anamtibu Glass, anamwachia hekima, kisha anaonekana akining'inia mtini. Elk Dog, chifu wa Waarikara, amepewa binti aliyetekwa, Powaqa, ili mashambulizi ya watu wake yawe na chanzo cha kibaba kinachofanana na cha Glass. Huu ni ulinganifu mzuri kwa macho, lakini unafuta historia nzima: biashara, mto, na zaidi ya yote vijiji vilivyochomwa mwezi ule wa Agosti. Katika mwaka 1823 waliokuwa na madai makubwa zaidi ya kulipizwa walikuwa Waarikara. Katika filamu wameajiriwa kulipiza ya mtu mwingine.

Ndiyo maana shutuma ya Cadwalladr, pamoja na ujasiri wake, haitoshi. Kusema maumivu haya hayana maana ni kuiachia filamu iende zake salama. Yana maana, tena iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa: kila jeraha linalipia sehemu ya kifo kitakachokuja, hivi kwamba anapofika mtoni Glass amekwisha kulipa bei yote na mtazamaji anaona ni halali achukue bidhaa. Zaidi ya dola milioni 500 zilizokusanywa duniani kote zinathibitisha kwamba mpango huo ulifanya kazi. Hadhira haikuwa pumbavu. Ilipewa hesabu iliyokwisha kukokotolewa, ikaombwa itie sahihi.

Katika picha ya mwisho Glass anainua uso na kuitazama kamera, na kwa hiyo kuwatazama wote waliokuwa ukumbini, huku pumzi yake ikisikika hadi majina yanapoanza kupita. Wengi waliuona huo kuwa ni mtazamo wa mtu aliyefika mwisho wa kisasi akakuta utupu. Inawezekana. Lakini sekunde chache tu kabla ya hapo Waarikara wamempita juu ya farasi wao, Powaqa akiwa miongoni mwao, bila kumgusa: wamemsamehe, kwa niaba ya hadhira, deni ambalo filamu haikuthubutu kulitaja. Glass wa kihistoria hakupitwa hivyo. Miaka kumi baada ya vijiji vile kuchomwa, mwaka 1833, karibu na mto Yellowstone, Waarikara walimuua.