Kompyuta mpya ya bei chee na mtumba wa ofisini: ipi inalinda mtaji?

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotafuta kompyuta ya mkononi ya kuandikia barua, ankara na hesabu wakiwa safarini wanaendelea kuponzwa na boksi. Mashine iliyofungwa kwenye nailoni, yenye harufu ya kiwandani na stika ambazo hazijabanduliwa, humsahaulisha mnunuzi maswali ambayo asingeacha kuyauliza mbele ya gunia la mchele. Matokeo yake, fedha ambayo ingezunguka dukani inalala ndani ya chombo ambacho baada ya miezi michache humchosha mwenyewe kila anapotaka kufungua barua moja.

Suala hili linastahili nafasi katika ukurasa wa soko. Kwa kampuni kubwa kompyuta ni kifaa kama kalamu. Kwa mtu mwenye mtaji wa shilingi milioni tatu, kompyuta ya laki tano ni sehemu ya sita ya kila alicho nacho. Mnunuzi wa mahindi anayekwenda Kibaigwa, wakala wa forodha anayesubiri mzigo bandarini, fundi wa ujenzi anayeomba zabuni za halmashauri, wote hula kwa karatasi iliyofika kwa wakati. Zabuni ikifungwa saa nne asubuhi, kompyuta iliyozimika saa tatu na nusu haina maelezo yatakayomridhisha mtu.

Haja ya kuandika njiani si ngeni. Mwaka 1981 ilitoka Marekani mashine iliyoitwa Osborne 1, ikauzwa dola 1,795 na kutangazwa kuwa ni ya kubebeka ingawa uzito wake ulikaribia kilo 11. Miaka miwili baadaye kampuni ya Tandy ilitoa TRS-80 Model 100, iliyotumia betri nne ndogo kama za redio na kuonyesha mistari minane tu ya herufi 40. Waandishi wa magazeti waliipenda mno. Mwaka 1992 Amstrad ya Uingereza nayo ilileta NC100 kwa pauni 199, nayo ikitumia betri nne za namna ile ile. Tanzania wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inazoea soko huria. Itakumbukwa kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini.

Mashine hizo za zamani zilithibitisha jambo moja ambalo wauzaji wa leo hawapendi likumbukwe. Kuandika hakuhitaji nguvu nyingi. Kunahitaji vitufe vizuri, kioo kinachosomeka na betri inayodumu. Lakini mwandishi wa leo analazimika kubeba pia mfumo wa uendeshaji, kivinjari cha intaneti na barua pepe, na hivyo ndivyo vinavyokula nguvu.

Hapo ndipo kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa inapoanguka. Nyingi ya hizo huja na RAM ya GB 4 iliyolehemiwa kwenye ubao, isiyoweza kuongezwa, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo nayo imelehemiwa na ni ya polepole kuliko SSD ya kweli. Prosesa yake mara nyingi ni ya tabaka la Celeron, kama N4020 ya mwaka 2019 yenye viini viwili tu. Microsoft imeweka GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi kuwa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kwa Windows 11. Maana yake ni kwamba mashine hiyo imejengwa juu ya mstari wenyewe. Ni sawa na kununua gari la kubeba tani moja kwa mzigo ambao kila siku ni tani moja kamili, kisha mwenye mzigo akaahidi kwamba utaongezeka.

Na kweli unaongezeka. Kila sasisho la Windows linadai nafasi, picha za WhatsApp zinadai nafasi, na kivinjari chenye kurasa sita zilizofunguliwa humaliza RAM yote. Mwenye mashine hawezi kufanya lolote, kwa sababu hakuna kinachofunguliwa na kubadilishwa. Anabaki kuiuza kwa hasara, na mnunuzi wa pili naye anazijua sababu.

Upande wa pili wa soko kuna kompyuta zilizostaafu ofisini. Kampuni za Ulaya na Marekani zina desturi ya kununua au kukodi kompyuta kwa maelfu, kuzitumia miaka mitatu au minne, kisha kuziondoa zote kwa mkupuo hata kama bado ni nzima. Nyingi hupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Dubai na kufika Kariakoo na Nairobi. Neno mtumba hapa lisichukuliwe kwa dharau. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mteja mgumu, yaani mhasibu anayechapa kutwa nzima na idara ya ufundi inayotaka kifaa kifunguke kwa bisibisi.

Mfano mzuri ni Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za RAM, SSD yake inabadilishika, vitufe vyake vinasifiwa na waandishi wengi, na ina betri mbili: moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa mkono bila kuizima kompyuta. Aidha, inachajiwa kwa tundu la USB-C. Rika lake ni Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5. Mashine ya namna hii ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 itamfaa mtu anayeandika kuliko mpya nyingi za bei ile ile.

Ni kweli kwamba mpya ina dhamana ya mwaka mmoja na mtumba mara nyingi hupewa wiki chache au miezi michache. Hoja hiyo ina uzito, lakini dhamana hutibu kilichoharibika. Haitibu kilichotengenezwa kikiwa dhaifu. Ikitokea mpya yenye RAM ya GB 8, SSD na prosesa kama Intel N100 ya mwaka 2023, yenye viini vinne, hapo mizani inabadilika na mnunuzi asione aibu kuichukua.

Hata hivyo, si kila mtumba ni mali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya ulinzi kwa Windows 10, na kwa watu binafsi ikatoa muda wa ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa waliojiandikisha. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa upande wa Intel haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotangulia kizazi cha nane. Hali hii imegawa meza ya muuzaji sehemu mbili, ingawa kwa macho kompyuta zote zinafanana. Mnunuzi asome stika au ukurasa wa maelezo: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7200U ni cha saba. Tarakimu moja baada ya kistari ndiyo inayotenganisha mashine yenye miaka mbele yake na ile inayotakiwa iondoke dukani haraka. Muuzaji atasema Windows 11 imeshawekwa humo na inafanya kazi. Yawezekana kabisa, kwani mafundi wana njia za kuipitisha kwa mlango wa nyuma, lakini hakuna aliyeahidi kwamba mlango huo utaendelea kuwa wazi.

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika tu, kizazi cha sita au cha saba kinaweza kuwa nafuu halisi endapo yuko tayari kutumia Linux pamoja na LibreOffice, ambazo hazina malipo na hazihitaji leseni ya wizi. Lakini anayetegemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee asijidanganye.

Sehemu inayoficha gharama kuliko zote ni betri. Muuzaji humwonyesha mteja asilimia 100 kwenye kona ya kioo, na mteja anaridhika, wakati asilimia hiyo haisemi ni mia ya nini. Kwenye Windows kuna amri ndogo isiyohitaji fundi: kufungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Kompyuta yenyewe hutoa ripoti yenye tarakimu mbili muhimu, uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 22,000, betri imebaki na asilimia 44, na bei ya betri nyingine lazima itolewe kwenye bei ya mashine pale pale, kabla ya kupeana mikono. Muuzaji akikataa ripoti hiyo isitolewe, amekwisha kujibu.

Umeme wa njiani nao una hesabu yake. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh inaonekana kubwa, lakini tarakimu hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, hivyo nishati yake ni watisaa 74, na sehemu fulani hupotea njiani. Inatosha kujaza betri ya watisaa 50 mara moja, si mara nne kama inavyojaza simu. Tena ni lazima iwe na tundu la USB-C lenye uwezo wa wati 45 au 65. Ya kawaida ya simu haitaisukuma kompyuta. Kompyuta za mtumba zenye tundu la duara la zamani haziingii katika mpango huu kirahisi, na mtu anayelala sehemu zisizo na umeme wa uhakika afikirie mara mbili kabla ya kuzichukua, hata kama bei inavutia.

Vitufe vijaribiwe kwa kuandika, si kwa kutazama. Mashine zilizotoka Ujerumani na Ufaransa zimepangwa herufi kwa mpangilio mwingine, na wauzaji hubandika stika juu yake. Stika hizo hutoka. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinaandikika chote kwa vitufe vya Kimarekani au vya Kiingereza bila alama za ziada, na herufi Q na X hazina kazi kubwa. Kitufe cha kujaribu kwanza ni A, kwa kuwa hakuna herufi inayobonyezwa zaidi yake katika lugha hii. Kikisita dukani, kitakwama Morogoro.

Lipo pia tatizo la kufuli, na hili limewatia watu hasara kubwa. Baadhi ya kompyuta za ofisini huondolewa bila kufutwa katika daftari la kampuni iliyozimiliki. Zinafanya kazi vizuri hadi siku mwenyewe atakapoweka Windows upya na kuunganisha intaneti. Hapo hujitokeza jina la kampuni ya nchi ya mbali likidai nywila ya mfanyakazi wake. Nyingine zina nywila ya ndani kabisa, ya ubaoni, ambayo kwa ThinkPad haiondoki kwa kuchomoa betri. Dawa ni kuizima mashine, kuiwasha na kuingia kwenye mipangilio yake ya awali mbele ya muuzaji, kisha kumtaka aweke Windows upya hapo hapo intaneti ikiwa imeunganishwa. Itachukua saa moja. Mfanyabiashara anayekaa nusu siku kukagua kontena la nguo hawezi kulalamikia saa moja.

Chromebook zinafaa kwa anayeshinda kwenye intaneti, lakini kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho inayohesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu iliponunuliwa. Mwaka 2023 Google iliongeza muda huo hadi miaka kumi kwa zilizotoka kuanzia mwaka 2021. Za zamani zaidi, nyingi zikiwa zimetumika mashuleni ng'ambo, huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hasa. Na mwenye shilingi chini ya laki moja asikope: simu aliyo nayo, kibodi ya Bluetooth na kigingi cha kuisimamisha simu vitaandika barua na taarifa vizuri, ingawa si jedwali refu la hesabu.

Mwisho ni risiti. Wengi hununua mtumba bila risiti ya mashine ya EFD ili wapunguziwe kidogo. Kwa anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo huenda asione tofauti upande wa kodi, ila siku ya kurudisha mashine mbovu atakuwa hana ushahidi. Kwa anayetayarisha hesabu, hasara ni ya moja kwa moja. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaiweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali, ambalo uchakavu wake ni asilimia 37.5 kwa mwaka kwa thamani inayobaki. Kompyuta ya shilingi 600,000 hupunguza faida inayotozwa kodi kwa shilingi 225,000 mwaka wa kwanza na shilingi 140,625 mwaka wa pili, mradi karatasi ipo. Aliyepunguziwa shilingi elfu ishirini ili asidai risiti apige hesabu mwenyewe, kisha arudi dukani kabla muuzaji hajafunga.