Biashara na Nchi Isiyotambuliwa



Barazani kwetu wapo wasemao tusifanye biashara na Somaliland kwa kuwa serikali yetu haiitambui.

Wamesahau ya hapa hapa. Mwaka 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki, na Bara ilikuwa na Ujerumani ya Magharibi. Baada ya Muungano, mwaka 1965, wale wa Mashariki waliruhusiwa ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila ya nchi yao kutambuliwa. Bonn ikakasirika, ikaondoa msaada wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa, na watu wanakaa mpaka leo, ingawa dola iliyoyajenga ilikwisha mwaka 1990.

Ugumu wa leo ni mwingine. Somalia, inayodai Hargeisa ni yake, ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024. Na mtu wetu akidhulumiwa Berbera, atamlalamikia nani? Basi ifunguliwe kwanza ofisi ya biashara, na Mogadishu iambiwe mapema, isije ikasikia redioni.

Mwalimu wa Msingi,
Micheweni, Pemba.