Bahari Si Shimo la Choo

Juzi alfajiri, watu wakitoka msikitini, gari la kunyonya vyoo lilirudi kinyumenyume hadi kwenye mikoko ya Tudor, hapa Mombasa. Utingo akashuka, akafungua mpira, na kinyesi cha nyumba sijui ngapi kikamwagika penye mizizi wanakokulia kaa na kamba. Mvuvi aliyekuwa akishusha ngalawa aliwapigia kelele. Wakamcheka, wakaondoka.

Sababu tunazijua sote: mji umekua, mabomba hayakukua, mitambo imeachwa ikachakaa.

Lakini kuna udhuru mmoja umetuchosha: ati maji taka ya mji wa pwani yana chumvi, hayasafishiki. Ni kweli visima vya kisiwani vina chumvi, na maji hayo ndiyo tunayofulia na kumwaga chooni. Ni kweli pia kwamba chumvi ikizidi hufyonza maji kutoka ndani ya bakteria wanaokula uchafu, wakafa. Na salfeti ya maji ya bahari, penye ukosefu wa hewa, hugeuzwa na bakteria wengine kuwa gesi inayonuka mayai viza na kula saruji ya mabomba.

Mbona basi Hong Kong wanaweza? Huko wamekuwa wakisukuma uchafu wa vyooni kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950, na leo zaidi ya watu wanane kati ya kumi hutumia maji hayo. Kwenye mtambo wa Sha Tin, maji taka hayo ya chumvi husafishwa na bakteria. Bakteria wakizoezwa chumvi polepole, wakapewa hewa na muda, hufanya kazi. Kinachowaua ni kushtukizwa: leo chumvi kali, kesho maji matupu ya mvua. Kwa hiyo wanahitaji mwangalizi kila siku. Chumvi haina kosa. Kosa ni uzembe, na uzembe una wenyewe.

Ndugu zangu wa Mombasa, tunangoja nani?

Mwenye nyumba, kabla hujalipa gari la kunyonya, dai risiti ya mahali lilikomwaga. Hakuna risiti, hakuna pesa. Ukiliona ufuoni, piga picha ya namba ya usajili, andika saa na mahali, peleka kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na uweke nakala. Mama wa viazi karai na wenye mikahawa, mafuta yaliyotumika yasiingie kwenye mfereji. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30: twende kwenye vikao vya umma tumuulize kila mwakilishi wa wadi ni shilingi ngapi zimetengewa maji taka. Tuungane, mtaa kwa mtaa.

Wakikaidi, twende kortini. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kushtaki bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu ameshadhurika. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa, watu wa kawaida kama sisi, walishtaki kwa sumu ya madini ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikawapa haki yao.

Anayemwaga ana namba ya usajili. Anayemfumbia macho ana ofisi. Tuwaandame wote wawili, na tuanze wiki hii.