Vyuo vidogo vya kilimo viungane katika kazi za ofisi ya utafiti

MVUA haimsubiri mhasibu. Katika Nyanda za Juu Kusini mkulima hupanda mahindi mvua za kwanza zinapoanza, Novemba au Desemba, na anayechelewa huvuna mabua. Jaribio la mbegu katika shamba la chuo nalo linafuata kalenda hiyo hiyo. Fedha za jaribio zikikwama kwa sababu ripoti ya robo mwaka iliyopita haijaandikwa, kisha zikaingia Februari, hakuna wa kuirudisha mvua. Mwaka mzima unapotea, na mkulima aliyekuwa akisubiri matokeo anaendelea na mbegu ile ile ya miaka yote.

Mara nyingi kinachokwamisha majaribio ya namna hii si upungufu wa wataalamu wa mbegu. Ni kazi ya ofisini ambayo mkulima haioni: kufuatilia matangazo ya wafadhili, kuandaa andiko la mradi na bajeti yake, kusoma mkataba kabla ya kuutia saini, kuomba vibali, kununua vifaa kwa taratibu, kutunza stakabadhi, kurejesha masurufu na kuandika ripoti ya fedha kwa tarehe iliyopangwa. Mtafiti wa kigeni akija, kinatakiwa kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Sampuli za mimea zikipelekwa nje, kinatakiwa cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA. Kila karatasi ina mwenyewe, ada yake na siku zake.

Chuo kikuu kama SUA cha Morogoro kina kurugenzi ya kushughulikia mambo hayo. Katika chuo kidogo cha stashahada, kazi yote huweza kumwangukia mkufunzi mmoja, ambaye anaifanya jioni baada ya kufundisha na kusahihisha mitihani. Akihamishwa au akiugua, faili la mradi linabaki mezani.

Hasara hiyo haiishii chuoni. Mfanyabiashara mdogo aliyekopesha mbolea, mifuko ya sampuli au mafuta ya trekta anasubiri malipo kwa sababu vocha haikukamilika. Vyuo vya umma vinatakiwa kununua kupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Muuza pembejeo wa mjini asiyejisajili humo hawezi kuuza, na chuo kisichokuwa na mtu wa kumwelekeza kinamwacha nje, huku zabuni ikichukuliwa na duka la mbali.

Jibu la haraka ni kusema kila chuo kiajiri ofisa wa utafiti. Hesabu inakataa. Chukua mfano wa chuo chenye mradi wa Sh milioni 40 kwa mwaka, ambacho mfadhili wake anakubali asilimia 15 juu ya gharama za mradi kwa ajili ya uendeshaji. Hiyo ndiyo kiwango ambacho kanuni za misaada za serikali ya Marekani zinamruhusu mpokeaji asiye na kiwango chake maalum, baada ya kupandishwa kutoka asilimia 10 Oktoba 2024. Asilimia 15 ya Sh milioni 40 ni Sh milioni 6, yaani Sh 500,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haimtoshi mhasibu mwenye sifa, kompyuta yake na usafiri. Lakini vyuo vitano vya aina hiyo vikiweka pamoja vinapata Sh milioni 30, yaani Sh milioni 2.5 kwa mwezi. Hapo mazungumzo ya kuajiri yanaweza kuanza.

Wakulima wanalijua jambo hili kuliko wengi. Chama cha msingi hakijengi kinu chake cha kuchambua pamba, vyama vinaungana. Wala kila AMCOS haiajiri kampuni yake ya wakaguzi. Tangu mwaka 1982 limekuwapo shirika la COASCO la kukagua hesabu za vyama vya ushirika, na chama kinalipia huduma hiyo. Kilichofaa kwa kahawa na pamba kinafaa kwa vitabu vya hesabu za utafiti.

Nje ya nchi mpango huu si mgeni. Huko Massachusetts, Marekani, vyuo vitano vya jirani, vikiwamo Amherst na Smith, viliunda umoja rasmi mwaka 1965 na vinashirikiana huduma mbalimbali huku kila kimoja kikibaki na jina lake. Hapa Afrika, mtandao wa RUFORUM wenye makao yake Kampala ulianzishwa mwaka 2004 na vyuo vikuu 10 ili kujenga uwezo wa utafiti wa kilimo kwa pamoja.

Tanzania ina misingi ya kuanzia. Kampasi za mifugo kama Tengeru, Mpwapwa, Buhuri na Madaba zimekuwa chini ya wakala mmoja, LITA, tangu mwaka 2011. Vyuo vya kilimo vya Uyole, Ilonga na Ukiriguru vimepakana na vituo vya utafiti vya TARI vya maeneo hayo hayo. Ni ajabu majirani wanaotumia barabara moja wakahangaika kila mmoja peke yake na fomu zile zile.

Haraka ya jambo hili imeongezeka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Miradi mingi ya utafiti wa kilimo iliyopitia vyuo vikuu vya Marekani ilikatika. Chuo kidogo kilichozoea kuingia kwenye mradi kama mshirika mdogo, hesabu zikishikwa na mkubwa wa ng'ambo, sasa kinatakiwa kusimama chenyewe mbele ya mfadhili. Mfadhili naye anauliza swali la kwanza: vitabu viko wapi?

Hata hivyo, si kila kazi inafaa kutolewa. Zipo za kufanywa na ofisi ya pamoja: kufuatilia matangazo, bajeti, leja, ununuzi, vibali na ripoti. Zipo za kukodi kwa mtu wa nje pale zinapohitajika: mwanasheria wa kusoma mkataba, mtaalamu wa kodi, fundi wa programu ya hesabu. Na zipo ambazo chuo hakipaswi kumkabidhi mtu yeyote. Hizo ni swali la utafiti, uchaguzi wa wakulima wa majaribio, takwimu, haki juu ya mbegu itakayopatikana, na saini ya mkuu wa chuo. Atakayetia saini ndiye atakayejibu mkaguzi akija, hata kama hesabu ziliandikwa na mwingine.

Tahadhari ya kwanza ni fedha. Kila chuo kibaki na akaunti yake na kila mradi na leja yake. Ofisi ya pamoja iandike hesabu, isishike fedha. Ya pili ni malipo. Mshauri anayedai fungu la ruzuku endapo andiko litashinda akataliwe, kwa sababu wafadhili wengi hawakubali kulipa gharama zilizofanyika kabla ya mkataba. Ni bora kila chuo kilipe ada ndogo sawa ya mwaka, kisha kiongeze kulingana na kazi kiliyofanyiwa. Ya tatu ni siri. Vyuo viwili vikiomba fedha kwa mfadhili mmoja, maandiko yao yashughulikiwe na watu tofauti.

Wapo watakaosema ofisi ya pamoja itakuwa ukiritimba mwingine, faili lisafiri hadi mji wa jirani na lisirudi. Hofu hiyo ina msingi, na hati ya makubaliano ndiyo iijibu: ripoti ikamilike kwa siku ngapi, vocha ipite kwa siku ngapi, chuo kisichoridhika kijitoe vipi. Meneja wa ofisi awajibike kwa wakuu wa vyuo vyote wanaomlipa, na asiyefanya kazi aondolewe.

Wizara na wakuu wa vyuo hawana haja ya kusubiri sheria mpya ili kujaribu. Vyuo vitatu vya jirani vianze kwa misimu miwili, na kipimo kiwe cha kueleweka hata sokoni: fedha zilifika shambani tarehe ngapi, muuza pembejeo alisubiri malipo siku ngapi, mkaguzi alikuta hoja ngapi. Kama tarehe ya kwanza itakuwa kabla ya mvua, mpango uendelee na vyuo vingine viingie. Kama itakuwa baada ya mvua, uvunjwe na itafutwe njia nyingine.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkulima alishalifahamu hilo alipojiunga na chama chake, na sasa ni zamu ya vyuo vinavyofundisha kilimo kulifuata.